Makabidhiano ya Kicheko cha Mzee Gesase

Wanaowajibika ni wawili, nami nitawataja kabla sijasimulia jambo lolote, kwa sababu katika miaka yangu yote ya utumishi sikuwahi kuandika muhtasari ambao msomaji alilazimika kufika ukurasa wa mwisho ndipo ajue nani anadaiwa. Wa kwanza ni kampuni ya michezo ya simu yenye ofisi zake ng'ambo ya mpaka, iliyoupokea mchezo uitwao Nyayo ukiwa hai, ikaufunga, na hadi leo haijajibu barua zangu. Jina lake limo katika barua hizo. Hapa nitaiita Kampuni, na inatosha. Wa pili ni mimi, mtendaji wa kata mstaafu, mkazi wa Nyamisangura, mjini Tarime, niliyesimamia makabidhiano ya mchezo huo na kuamuru kila nakala iliyobaki ifutwe. Hakuna aliyenituma. Hakuna aliyenishurutisha. Nilifanya hivyo nikiwa na akili timamu, nimevaa koti, na nikajisikia nimetenda haki.

Naandika haya kwa kuwa mwezi uliopita tulimzika Mzee Gesase huko Nyamwaga, kando ya migomba yake, katika udongo uliolowa kiasi kwamba kila aliyesogea kaburini aliacha alama ya kiatu. Marehemu angefurahi. Angetusoma sote: nani anachechemea, nani kaja na viatu vya kuazima. Baada ya maziko, watu wakiwa chini ya turubai wakisubiri chakula, mjane wake, Mama Rhobi, aliniita ndani. Alikuwa ameketi mkekani na simu mkononi, na pembeni yake alikuwapo Bhoke, binti aliyeubuni ule mchezo, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka kadhaa. "Shikamoo baba," Bhoke alisema, macho yake yakiwa kwenye simu. Nikaitikia. "Mtendaji," akasema Mama Rhobi, "huyu binti nimemwomba anifungulie ule mchezo wa mzee. Anasema haufunguki. Nikamwambia labda ni simu yangu, imeanguka sana. Wewe ndiye mwenye karatasi zake. Nifungulie nimsikie anacheka, basi. Sitaki kingine." Niliichukua simu, nikavaa miwani, nikabonyeza pale palipokuwa na picha ya kwato. Kioo kikawa cheusi, kisha yakatokea maneno matatu, nikamsomea: Huduma hii haipatikani. "Haipatikani leo?" akauliza. Mimi niliyewahi kuwasomea watu hukumu na amri za kuhamishwa bila sauti kutetemeka, nilivua miwani nikaikunja. Nilimrudishia simu yake kwa mikono miwili.

Husemwa kwamba mwaka unaomjenga mtu humkuta kijana. Wangu ulinikuta nimeshastaafu, nikiwa na vyumba viwili vya uani visivyo na mpangaji na asubuhi ndefu zisizo na mafaili. Bhoke alikuja kuviomba akiwa na Marwa, kijana mchoraji wa Nyamwaga mwenye vidole vyeusi kwa wino. Walisema wanataka kufungua studio ya kutengeneza michezo ya video. Niliwataka waandike barua ya maombi. Waliandika. Niliirudisha kwa kuwa haikuwa na kumbukumbu namba, wakaileta tena ikiwa na namba, na nadhani walicheka njiani, lakini barua ile ninayo mpaka sasa na ni barua nzuri. Waliingiza kompyuta tatu za mtumba na meza iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani. Katika chumba cha pili waliegemeza magodoro ukutani na kutundika mashuka, pakawa mahali pa kurekodia sauti. Mvua ilipogonga bati kazi ilisimama, na kwetu mvua haina adabu ya kusubiri. Ndipo walipotoka kuja barazani kwangu, na mke wangu, Mama Ghati, akawawekea ugali wa mtama na muhogo katika sinia moja, dagaa na mboga pembeni, nasi tukala bila kuongea mpaka mvua ikatike.

Mchezo wao wa kwanza ulikuwa wa bodaboda anayekwepa mashimo. Haukuwa mbaya, ila hakuna aliyeuhitaji, kwani mashimo yenyewe tulikuwa nayo. Dirisha lao lilielekea kiti changu, nami nilisikia yote. "Bhoke, tumepata mtu mpya!" Marwa alipiga kelele siku moja. "Nani?" "Mama yako. Amepakua mara ya pili. Ule wa kwanza aliufuta akitafuta tochi." Kisha kicheko cha watu ambao hawana hakika kama watakuwapo mwezi ujao. Nilikijua kicheko kile. Nilikisikia katika ofisi za kata, kila tulipoambiwa wilaya itagawanywa.

Mzee Gesase alikuwa na desturi ya kupita kwangu kila Alhamisi baada ya mnadani, kunywa chai ya maziwa na kunikumbusha makosa yangu ya kikazi. Ujanani alikuwa mfuata nyayo, na kwa mgeni wa maeneo yetu nitaeleza. Ng'ombe walipoibwa, yowe lilipigwa alfajiri, na watu wenye macho kama yake walizifuata kwato toka zizini. Nyayo zilipofika mpaka wa kijiji kingine, wazee wa kijiji hicho waliitwa waje kuziona. Wakizikubali, walizipokea, wakaendelea nazo wao, na waliozileta wakarudi nyumbani hawadaiwi kitu. Lakini nyayo zikiishia ndani ya kijiji bila kutoka upande wa pili, kijiji hicho kiliwajibika kumrudisha ng'ombe au kumlipa. Nilifanya kazi Tarime na baadaye Serengeti, na kwa miaka mingi mimi ndiye niliyeandika mihtasari ya mapokezi hayo: saa, mahali, hali ya umande, jina la aliyekabidhi, jina la aliyepokea, dole gumba la kila mmoja. Niliziamini karatasi zile kuliko nilivyoamini watu waliotia dole. Karatasi ikishatiwa madole mawili, jambo lilihama mikono, na mwenye jambo alilala usingizi.

Alhamisi moja Mzee Gesase alichungulia dirisha la studio, akaona katika kompyuta ng'ombe ambaye Marwa alikuwa amemchora akivuka barabara mbele ya bodaboda. "Huyu ng'ombe anaumwa?" akauliza. "Hapana, mzee, shikamoo. Anatembea." "Anatembeaje na mguu wa nyuma hauifikii alama ya mguu wa mbele? Ng'ombe mzima hukanyaga palepale alipotoa wa mbele. Huyu wako amebebeshwa mzigo, au amechorwa na mtu aliyelelewa na bata." Bhoke akatoka nje mbio na daftari. Sijui kama mtu anaweza kuonyesha dakika ambayo jambo kubwa lilianza, lakini mimi naweza: ilikuwa saa tisa na robo alasiri, chai yake ilikuwa bado haijapoa, na hakurudi kuinywa. Alimwaga ndoo ya maji uani kwangu, akawaambia wapite juu ya tope mmoja mmoja, huku yeye amewapa mgongo, kisha akageuka akawaeleza nani alipita wa kwanza, nani alikuwa na haraka, na nani alirudi kinyumenyume akidhani ni mjanja. Aliyerudi kinyumenyume alikuwa mimi.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Nyayo. Mchezaji alipewa kwato nyingi ardhini, za ng'ombe, za mbuzi, za punda, akachagua iliyo ya kweli kwa kutazama umande na majani yaliyolala. Kila alipofika mpakani ilimbidi awaite wazee na kukabidhi kwa utaratibu; asiyekabidhi alipoteza ng'ombe, hata kama alimwona kwa macho. Kipengele hicho kilitoka katika madaftari yangu, nami sitajifanya mnyenyekevu, nilijivunia. Sauti ilikuwa ya Mzee Gesase. Walimketisha katikati ya magodoro na mashuka kwa siku nyingi za kiangazi, akasema kwa Kikurya na kwa Kiswahili yale aliyokuwa akiwaambia vijana waliojifunza kwake porini. Kicheko hakikupangwa. Marwa, akiwa anajaribu mchezo palepale chumbani, aligusa kwato isiyo yake, na mzee, hajui kama chombo bado kinarekodi, akasema, "Huyo ni punda, mura!" yaani kijana, akacheka. Kilianza chini, kama mtu anayekohoa kanisani kwa kificho, kikapanda, kikakatika juu kabisa, kisha kikaanza upya. Bhoke alitaka kukiondoa. Mama Ghati, aliyekuwa ameleta maji ya kunywa, akamwambia, "Ukikiondoa hicho, na sinia langu nalo usilione tena." Kikabaki.

Miezi iliyofuata sikuizoea mpaka leo. Vijana wa Sirari waliucheza wakisubiri magari, wachimbaji wadogo wa Nyakunguru wakaucheza wakipumzika, na hao ni watu wenye kujua thamani ya kutazama ardhi kwa makini. Mjini watu wasiofahamiana waliambiana "huyo ni punda" mtu alipokosea kitu chochote, hata chenji. Mzee Gesase alisimamishwa mnadani na wasichana waliotaka awacheke, naye akawakatalia: "Kwanza mkosee." Studio iliongeza viti na watu wawili. Tulichinja mbuzi, tukapika kichuri, mchuzi wetu mchungu wa utumbo, na mzee akala akiwa amevaa kofia aliyochorewa na Marwa yenye picha ya kwato. Nikitazama nyuma, naona kwamba siku ile ya kichuri ndiyo iliyokuwa kilele, ingawa siku ile sisi tulidhani tuko mwanzoni. Bhoke alikula amesimama, akiongea kuhusu mchezo wa pili, wa tatu, wa kumi.

Mjumbe wa Kampuni alikuja kabla ya mvua za vuli, kijana nadhifu mwenye viatu vyeupe, akazungumza Kiswahili cha ng'ambo. "Hii kitu yenu ni moto, wazee. Tutaipeleka mbali, mpaka mshangae." Kampuni ingeuchukua mchezo, ingeuweka katika mitambo yake, ingewalipa vijana mshahara na kuwapangishia ofisi nzuri mjini. Bhoke aliniomba niusome mkataba, nami niliusoma mara tatu nikiwa na rula. Sikuona hila, na hata leo siioni. Mkataba ule ulisema wanapokea kila kitu. Tulikutana sebuleni kwangu, Mzee Gesase kwenye kiti cha pembeni, na niliandaa hati ya makabidhiano kwa mkono wangu: michoro, programu, mafaili ya sauti, kila kimoja kwa jina lake. Hapo yule mjumbe akasema maneno ambayo nayasikia kila ninapoamka. "Na mkitaka kubaki na kopi yenu hapa, ni sawa tu. Sisi hatuna shida." Bhoke akanigeukia upesi. "Baba, tubaki na nakala moja. Ni kazi yetu." Mimi nikamkemea mbele ya mgeni. "Nimekabidhi ofisi nne katika maisha yangu," nilimwambia. "Sikutoka na hata kalamu. Anayekabidhi huku amebakisha, huyo amedanganya aliyepokea." Mzee Gesase akatikisa kichwa kuniunga mkono. "Mtendaji yuko sawa," akasema. "Wakizipokea, ng'ombe ni juu yao." Tulikwenda chumba cha uani. Marwa alikuwa akifuta, mimi nimesimama nyuma yake na kalamu, nikiweka alama ya vyema mbele ya kila mstari. Kwenye mstari wa "Sauti za Mzee Gesase" alisita, akanitazama. Nikasema, "Endelea." Kisha nikamuuliza kila mmoja, macho kwa macho, kama nilivyowauliza wahudumu na makarani: "Imebaki yoyote?" Hapana, baba. Hapana, baba. Mjumbe alitia sahihi akicheka kidogo, kama mtu aliyeombwa kuvua viatu mahali ambapo hakuna zulia.

Yaliyofuata yalikuja upesi. Ofisi ya mjini ilikuwa na vioo na kiyoyozi, lakini haikuwa na sinia. Mkurugenzi wa Kampuni akabadilishwa, na huyo mpya akataka mchezo wa kubahatisha, ambamo mtu huweka fedha na akipoteza asikie kicheko cha Mzee Gesase. Bhoke alikuja nayo habari hiyo Alhamisi, ili mzee awepo. Alimsimulia taratibu. Mzee aliweka kikombe chini. "Nilimcheka yule mura kwa sababu nilitaka ajue kwato," alisema. "Hao wanataka nimcheke mtu aliyenyang'anywa. Waambie mimi sijui kicheko hicho." Bhoke alikwenda akawaambia, kwa barua, na barua hiyo niliisahihisha mimi. Jibu lilikuwa la mistari mitatu. Ajira zilikoma, kompyuta zikachukuliwa na gari lisilo na maandishi, na wiki chache baadaye Nyayo ukazimwa katika simu za watu wote kwa siku moja. Hawakuutumia wao, na hawakumwachia mwingine autumie. Mwaka ulikwisha hivyo. Bhoke alihamia Mwanza kufundisha kompyuta kwa watu wazima, Marwa akaanza kuandika mabango ya maduka, na vyumba vyangu vya uani vikarudi kunuka vumbi. Mama Ghati aliendelea kwa muda kupika kwa kipimo kilekile, tukawa tunagawa kwa majirani.

Mzee Gesase hakunilaumu. Aliendelea kuja Alhamisi, na tulizungumza habari za mvua na za watu waliofariki. Mara moja tu, akiwa ameshaanza kuumwa kifua na sauti yake imekuwa kama karatasi inayochanwa, aliniuliza, "Mtendaji, zile nyayo, zilipokelewa na nani?" Nikaenda ndani nikaleta hati, nikamsomea jina na cheo cha aliyetia sahihi. "Basi ziko kwake," akasema, akatulia kabisa, kama mtu aliyeambiwa kwamba mtoto wake amefika salama shuleni. Utulivu ule ndio unaoniumiza kuliko yote. Aliniamini kwa sababu utaratibu niliomfundisha Bhoke niliujifunza kwake.

Siku ya mazishi, baada ya kumrudishia Mama Rhobi simu, nilitoka nikamkuta Bhoke nyuma ya nyumba, anasuuza mikono yenye mafuta ya nyama. Marwa alikuwa naye. Walikuwa wamejaribu simu sita za zamani, walizokusanya kwa jamaa. Mchezo umo ndani, picha ya kwato ipo, lakini haufunguki bila ruhusa ya mitambo ya Kampuni. Nikaanza kueleza kuhusu barua nilizoandika. Bhoke alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama alivyofundishwa. Kisha akasema, "Baba, Kampuni siifikirii sana. Kampuni ni kampuni. Siku ile nilikuwa na flashi kwenye soksi. Sauti zote zilikuwemo. Nilijua utauliza, nikajiandaa kukudanganya. Ulipoondoka kwenye mlango nilikuwa nimeshasema hapana." Nikamwambia kwamba ndivyo alivyosema, nakumbuka, hapana baba. "Ndiyo. Halafu nikaingia chooni nikaivunja. Nilishindwa kukaa na mtu niliyemdanganya, nikila kwenye sinia lake." Marwa akageuka akatazama migomba. Ndani ya nyumba tulimsikia Mama Rhobi akimuuliza mtu mwingine kama simu yake ina chaji ya kutosha kuufungua ule mchezo.

Nimeyaweka haya kwa mpangilio uliotakiwa, nami sasa natamka dai. Kampuni ilizipokea nyayo mbele ya mashahidi watatu, mmoja wao sasa ni marehemu, na hati yenye sahihi ya mjumbe wake ninayo, haijakunjwa. Tangu ilipozipokea, hakuna popote zilipoonekana zikitoka. Kwa hiyo naitaka Kampuni ifanye mojawapo ya mambo mawili ambayo kila kijiji cha Tarime na Serengeti kiliyafanya bila kusukumwa: ionyeshe kwa maandishi zilikoelekea, yaani kicheko kile kilikabidhiwa kwa nani na lini, au kama hazikutoka, ikirudishe. Sidai mchezo, sidai mishahara, wala sidai radhi. Nadai faili moja la sauti, kicheko kizima pamoja na kile kikohozi cha mwanzo, bila kukatwa. Kuhusu mimi, naomba ofisi yoyote itakayopokea nakala ya waraka huu iniandike mdaiwa wa pili, iache jina langu humo hata baada ya mimi kufa, na isilifute mpaka faili lile lifike. Majibu yasiletwe kwangu, kwani mimi nimeshathibitika kuwa mtu wa kukabidhi. Yapelekwe Nyamwaga, mkononi mwa Mama Rhobi, naye asikilize, na yeye peke yake ndiye atakayetamka kama huyo ni mume wake, au ni punda.